Dawa zinazogusa mdundo wa moyo: ipi uandike, ipi uiache, na kwa mgonjwa yupi

Matabibu wa vituo vya afya, manesi, hata wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wanauliza swali moja kwa namna tofauti tofauti: azithromaisini ni salama kwa moyo au sio salama, ondansetroni je, na ile dawa ya malaria ya kumeza mara moja kwa siku mbona wanasema inagusa moyo? Mimi naona huwezi kujibu mpaka ujue anayemeza ni nani. Kwa hiyo hapa ntalinganisha dawa kwa dawa, zile tunazoandika kila siku, ila ntaanza na mgonjwa maana hapo ndo watu wanaparuka.

Kinachotokea ni hivi. Pigo la moyo likishapita, msuli wa moyo unatakiwa ujichaji upya kabla ya pigo linalofuata, na kazi hiyo inafanywa na potasiamu inayotoka ndani ya seli kwenda nje kupitia vijitundu maalumu. Sasa dawa nyingi sana, za malaria, za bakteria, za kutapika, za akili, zinaziba vile vijitundu, nyingine kidogo nyingine sana. Kujichaji kunachelewa, na kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ule uchelewaji unauona kama QT ndefu, yaani kuanzia Q inapoanza mpaka wimbi la T linapoisha. Ikirefuka kupita kiasi mdundo unaweza kuvurugika ghafla, moyo unatetemeka badala ya kusukuma, damu haifiki kichwani, mtu anaanguka. Mara nyingine mdundo unajirudi wenyewe baada ya sekunde chache na mgonjwa anaamka, na hapo ndo ndugu wanasema kifafa, wengine wanasema kapandisha mashetani, akifika kituoni anaandikiwa fenitoini anarudi nyumbani na dawa ile ile iliyomwangusha. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote akianguka na kutikisika siku chache baada ya kuanza dawa mpya, tafuta ECG kwanza, tafadhali sana.

Namba za kushika: QT iliyosahihishwa kwa kasi ya mapigo, mwanaume tunamkubalia mpaka 450 milisekunde, mwanamke mpaka 460 hivi. Ikivuka 500, au ikiongezeka zaidi ya 60 kutoka pale alipokuwa kabla ya dawa, hapo simama.

Mtu kwanza, dawa baadaye

Chukua dawa moja, azithromaisini, na wagonjwa wawili. Kuna pointi zinaitwa za Tisdale, zilitoka Marekani mwaka 2013 kwa wagonjwa waliolazwa wodi za moyo, na ingawa wagonjwa wetu sio wale, zinasaidia sana kupanga mawazo. Umri wa miaka 68 na kuendelea pointi 1, mwanamke 1, anatumia dawa ya kukojoza kama Lasix 1, potasiamu 3.5 au chini pointi 2, QT alipolazwa 450 au zaidi 2, shambulio la moyo la sasa hivi 2, moyo kushindwa kusukuma 3, maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu 3, dawa moja inayorefusha QT 3, na zikiwa mbili au zaidi unaongeza 3 nyingine. Mpaka 6 hatari ni ndogo, 7 mpaka 10 ya kati, 11 kwenda juu ni kubwa.

Kijana wa kiume wa miaka 22, mzima, ana kikohozi: azithro inampa pointi 3, basi. Mama wa miaka 70, moyo umechoka, yuko kwenye Lasix, kaja na nimonia iliyoingia kwenye damu: 1 ya umri, 1 ya jinsia, 1 ya Lasix, 3 za moyo, 3 za maambukizi, ukimwandikia azithro unaongeza 3, jumla 12. Ukimpa antibiotiki isiyogusa QT anabaki na 9. Bado ni mgonjwa wa kuangaliwa kwa karibu, lakini umemshusha daraja kwa kubadilisha mstari mmoja tu kwenye cheti, na hapo potasiamu hujapima bado, na watu wa Lasix potasiamu yao mara nyingi iko chini.

Afu kuna suala la kuuliza. Ukimwuliza mama mtu mzima "unatumia dawa gani nyingine?" atakwambia situmii, maana kwake dawa ni ile ya ugonjwa uliomleta leo, vidonge vya presha alivyozoea miaka yote havimo kwenye hesabu. Muulize kwa kutaja: "Shikamoo mama, vile vidonge vya presha bado unameza? Na kile cha kukufanya ukojoe? Ya usingizi je? Wiki hii umenunua chochote dukani, hata ya fangasi, hata ya tumbo?" Mwambie afungue mkoba atoe vyote muvione pamoja. Mara nyingi dawa ya pili inayorefusha QT utaikuta humo, na madhara makubwa mengi yanakuja zikikutana mbili au tatu, moja ikiwa peke yake kwa mtu mzima wa afya ni nadra sana.

Kusoma ile karatasi

Kama ECG ipo, karatasi ya kawaida inakimbia milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo kimoja ni milisekunde 40. Njia ya haraka ya macho: kwa mapigo ya kati ya 60 na 100 kwa dakika, angalia kati ya kilele cha R moja na R inayofuata, kama wimbi la T linaishia baada ya nusu ya njia, QT ina mashaka, pima vizuri.

Ila kuna mtego kwenye hesabu na kwa wagonjwa wetu wa homa ni mkubwa. Mashine nyingi zinasahihisha kwa kanuni ya Bazett, na Bazett mapigo yakienda mbio inatia chumvi. Mfano mgonjwa wa malaria, mapigo 120, QT uliyopima 320: kwa Bazett inakuja kama 452, unaogopa, kwa kanuni nyingine, ya Fridericia, inakuja 403, hana shida. Mtu yule yule, karatasi ile ile. Kwa hiyo kati ya hizo mbili, mgonjwa ana homa na mapigo ya juu tumia Fridericia, usimnyime mtu dawa kwa sababu ya namba iliyotiwa chumvi na mashine.

Malaria: mseto, DHA na pipirakwini, au kwinini

Hapa ntakaa kidogo maana ndo tunapoandika sana.

ALu, yaani mseto wa artemetha na lumefantrini, ndo mstari wa kwanza Tanzania na Kenya, na kwa upande wa moyo ni mpole. Lumefantrini ina undugu wa kikemia na halofantrini, ile dawa ya zamani ambayo iliua watu kwa mdundo wa moyo na hatuitaki tena, ndo maana wasiwasi ulikuwepo, lakini yenyewe QT inaigusa kidogo sana. Shida yake ni nyingine: inataka mafuta. Ukiimeza na chakula chenye mafuta mwilini inaingia mpaka mara 16 zaidi ya kumeza tumbo tupu. Kwa hiyo maziwa, chapati, wali wa nazi, chochote chenye mafuta. Mara 2 kwa siku, siku 3, na dozi ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, sio "kesho asubuhi".

DHA (dihidroatemisinini) na pipirakwini, ile ya Duo-Cotecxin na wenzake, Kenya wameiweka mstari wa pili. Uzuri wake ni mara moja kwa siku kwa siku 3, na pipirakwini inakaa mwilini wiki kadhaa kwa hiyo inamkinga mgonjwa muda mrefu kuliko lumefantrini. Lakini inarefusha QT kweli, na kilele kinakuja masaa 4 mpaka 6 baada ya dozi ya tatu, siku ambayo mgonjwa tayari anajisikia kapona na hakuna anayemwangalia. Na hapa ndo kuna kitu ambacho wengi wanachanganya: hii HAITAKI mafuta. Mafuta yanaingiza pipirakwini nyingi kwa mkupuo na QT inarefuka zaidi. Maji matupu, na maelekezo ya Eurartesim ambayo ni dawa hiyo hiyo yanasema masaa 3 mbali na chakula, kabla na baada. Yani mgonjwa aliyezoea mseto, akaambiwa mwaka jana "kunywa na maziwa", mwaka huu ukimpa DHA na pipirakwini bila kumwambia chochote atakunywa na maziwa. Mwambie, afu mwambie arudie kwa mdomo wake.

Je, uiogope? Hapana. Uchambuzi uliotoka 2018 ulikusanya watu karibu laki 2 waliotumia dawa hii na ukakuta kifo kimoja tu cha ghafla ambacho huenda kilitokana nayo. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake ni mzima ni dawa nzuri. Mimi naiacha kwa mtu ambaye QT yake inajulikana ni ndefu tangu kuzaliwa, au ana ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, au yuko tayari kwenye dawa nyingine za aina hii, au ana kuhara na kutapika kwingi na potasiamu hujui iko wapi. Hao mseto.

Kwinini inabaki nyuma ya wote. Kwa malaria kali artesunate ya sindano inaokoa maisha zaidi, majaribio makubwa ya 2005 Asia na 2010 Afrika yalionyesha wazi, na kwinini juu ya QT inashusha na sukari. Ukilazimika, kwa sababu artesunate imeisha, ni dripu ya masaa 4 na sukari inapimwa, kamwe usiisukume kwa sindano kwenye mshipa, ikiingia kwa mkupuo inashusha presha na kusimamisha moyo. Wale wanaoishikilia kwa ajili ya mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza, WHO ilishapendekeza ALu kwa kipindi hicho tangu mwishoni mwa 2022.

Antibiotiki

Familia ya azithro: erithromaisini na klarithromaisini ni wabaya zaidi, maana zinarefusha QT afu zinazuia ini kusafisha dawa nyingine, kwa hiyo dawa ya pili inajaa mwilini. Azithro haina sana hiyo tabia ya kuzuia ini. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulikuta vifo 47 vya ziada vya moyo kwa kila kozi milioni 1 ukilinganisha na amoksilini, na kwa wale wenye hatari kubwa zaidi ya moyo vilikuwa 245. Mwaka uliofuata Denmark waliangalia watu wazima wa umri mdogo na wa kati wakalinganisha na penisilini, hawakuona tofauti. Tafiti mbili hizi wala hazigombani, zinakurudisha kwa yule kijana wa 22 na yule mama wa 70.

Mbadala upo karibu kila mara. Nimonia ya kutibiwa nyumbani, amoksilini, haigusi QT. Klamidia, doksisaiklini 100 mara 2 kwa siku kwa siku 7 inatibu vizuri kuliko azithro ya gramu 1 na haigusi moyo, ila sio kwa mjamzito, huyo azithro inabaki dawa yake na usimnyime. Mafua na kikohozi cha virusi, hakuna hata moja kati ya hizi, na kwa kweli huko ndo azithro nyingi inakopotelea.

Zile za kundi la sipro: siprofloksasini ni mpole kuliko wenzake, levofloksasini katikati, moksifloksasini ndo inarefusha zaidi, mpaka kampuni zikijaribu dawa mpya huwa zinatumia moksifloksasini kuhakikisha kipimo chao kinaweza kuona QT ikirefuka.

Fangasi haraka haraka: mama mwenye muwasho ukeni na yuko kwenye dawa nyingine za moyo au akili, mpe klotrimazoli ya kuweka ukeni badala ya flukonazoli ya kumeza. Kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, flukonazoli ya dozi kubwa haikwepeki na amfoterisini inamwaga potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo, kwa hiyo rudishia potasiamu na magnesiamu kuanzia siku ya kwanza, usisubiri majibu ya maabara.

Kutapika

Huyu mgonjwa ndo ananipa wasiwasi kuliko wote, maana anayetapika na kuhara anapoteza potasiamu, yaani anakuja tayari na nusu ya tatizo, afu dawa tunayompa ndo inaongeza nusu ya pili.

Ondansetroni ni nzuri na mtoto anayetapika dozi moja ya mdomo inamsaidia kunywa ORS, sina neno nayo. Tatizo ni dozi kubwa za mshipa: 8 mg inaongeza QT kama milisekunde 6, 32 mg inaongeza 20, na ndo maana 2012 Marekani waliiondoa ile dozi moja ya 32, kwa sasa dozi moja ya mshipa isizidi 16, na iende polepole. Metoklopramidi, ile Plasil, QT haiigusi sana ila kwa vijana, hasa wasichana, inakaza shingo na taya na macho yanapanda juu, ndugu wanatishika. Kwa hiyo kijana mwenye potasiamu nzuri mimi nampa ondansetroni, mzee wa Lasix nampa metoklopramidi dozi ndogo kwa siku chache. Prometazini iko katikati na inalaza mno, mzee atadondoka kwa usingizi.

Domperidoni, Motilium, hii naisemea kwa nguvu. Ulaya waliibana mwaka 2014: 10 mg, isizidi mara 3 kwa siku, isizidi wiki moja, kwa kichefuchefu na kutapika tu. Hatari inapanda juu ya miaka 60, juu ya 30 mg kwa siku, na ikikutana na erithromaisini, klarithromaisini, ketokonazoli au flukonazoli. Kuna wamama wanaonyonyesha wanaambiwa wanunue wameze kwa wingi ili maziwa yaongezeke. Dada, kabla ya hapo mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, mwambie nesi aangalie anavyoshika titi, na kama dawa inahitajika iandikwe na mtu aliyekuuliza kuhusu moyo wako na dawa nyingine.

Akili na huzuni

Haloperidoli kwa vidonge dozi ndogo inavumilika, kwa mshipa ndo inatisha, na Marekani walitoa onyo 2007. Klopromazini, Largactil, inarefusha pia na inashusha presha. Thioridazini ilikuwa mbaya kuliko zote, kampuni yake iliiondoa sokoni 2005. Olanzapini inagusa QT kidogo sana lakini inaleta uzito na sukari, kwa hiyo mgonjwa mwembamba mwenye moyo dhaifu inamfaa, mwenye kisukari ufikirie tena. Mgonjwa aliyetulia miaka na haloperidoli yake na ECG yake nzuri, usimguse. Na wewe mgonjwa ukisoma hapa usiache dawa ya akili kwa hofu, ugonjwa ukirudi unaua pia, nenda ukaulize kwa aliyekuandikia.

Kwa huzuni kubwa: sitalopramu inarefusha kadiri dozi inavyopanda, kikomo ni 40 mg na kwa zaidi ya miaka 60 ni 20. Setralini ndo chaguo la mwenye ugonjwa wa moyo. Amitriptilini ya ganzi na maumivu ya miguu, dozi ndogo usiku sawa, lakini usimpe mtu mwenye mawazo ya kujiua vidonge vya mwezi mzima, ikizidishwa inaua kwa moyo.

Pale ambapo hukwepi

TB sugu. Bedakwilini inarefusha QT, klofazimini inarefusha, moksifloksasini inarefusha, na mpango wa miezi 6 uliopendekezwa na WHO 2022 una bedakwilini na moksifloksasini pamoja na pretomanidi na linezolidi. Ukilinganisha na zamani, miezi zaidi ya 18 na sindano zilizowaziba watu masikio moja kwa moja, sina shaka upande wa kuchagua. Kinachofanya iwe salama ni ratiba: ECG kabla ya kuanza, nyingine wiki ya 2, afu kila mwezi, na potasiamu inapimwa. Kumbuka bedakwilini inabaki mwilini miezi mingi, nusu yake inachukua kama miezi 5 na nusu kutoka, kwa hiyo ukiisimamisha leo haijaondoka kesho, na ile azithro utakayompa mwezi ujao kwa kikohozi bado itakutana nayo. Wagonjwa waliotoka Kibong'oto au kituo chochote cha TB sugu, kabla hujaandika kitu piga simu kule.

Metadoni nayo hivyo hivyo. Muhimbili wanaitoa tangu 2011 na imewatoa wengi kwenye heroini. Buprenofini ni mpole zaidi kwa QT pale inapopatikana, lakini metadoni yenye ECG ni bora mara mia kuliko sindano ya mtaani. Cha kuangalia ni wanaopandishwa dozi kubwa na wanaoongezewa flukonazoli au sipro na mtu ambaye hajui kuwa wako kwenye programu.

Na ikitokea mdundo umevurugika mbele yako, dawa ya kwanza unayo kituoni hata kama hakuna daktari wa moyo: magnesiamu salfeti, ile ile ya wodi ya wazazi ya kifafa cha mimba. Gramu 2 kwenye mshipa, dakika 10 mpaka 15 kama mgonjwa anaongea, hata kama magnesiamu yake kwenye damu ni ya kawaida. Simamisha dawa zote zinazorefusha QT, rudisha potasiamu iende juu ya 4.5, na usimpe amiodaroni, ile dawa ya kurekebisha mdundo, kwa mazoea maana nayo inarefusha. Kama hana mapigo, ni kubana kifua na mashine ya kushtua kwanza, magnesiamu inafuata.